Seva ya ofisini, mashine ya kukodi au programu ya kulipia kwa mwezi: nani anafunga mlango upi?

Seva ya mjomba iliuawa na mjusi. Nilifungua kasha la hiyo kompyuta kuu inayotunza data za ofisi, huko ofisini kwao, chama cha msingi cha wakulima wa korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara, nikamkuta mjusi kafiri amekaukia ndani ya pawasaplai, mkia huku, kichwa kule. Skrubu zilikuwa na kutu ya rangi ya chai, ile inayoletwa na upepo wa chumvi. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa chini ya meza, haijachomekwa. Karani aliichomoa msimu uliopita kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Ilikuwa inapiga kelele kwa sababu betri yake imekufa.

"Sasa mpwa wangu," akasema mjomba, yeye ndiye katibu, "si bora haya mambo tuyapeleke huko kwenye wingu? Huko kuna wataalamu, watayalinda."

"Watalinda jengo, mjomba. Funguo wanakupa wewe."

Akanitazama kama mtu aliyelipia doti nzima ya kanga akapewa kipande kimoja.

Wingu ni kompyuta za watu wengine unazozikodi na kuzifikia kwa intaneti. Tangu siku ile nimeulizwa jambo hilohilo na mwenye zahanati Lindi mjini, na vijana wawili wa hapa Mtwara wanaotengeneza programu ya kuagiza bidhaa za dukani. Wote huanza na "ipi ni salama zaidi?" Mimi huwarudishia swali jingine: ukichagua hii, kazi zipi za ulinzi zinabaki kwako, na ni nani ofisini kwako atazifanya Jumatatu asubuhi? Ukilijibu hilo kwa jina la mtu, uchaguzi unakuwa umekwisha nusu.

Mjomba alivyoelewa

Alielewa nilipomrudisha kwenye stakabadhi ghalani, mfumo wa kulaza mazao ghalani na kupewa hati yake, jambo analolijua kuliko mimi. Mwendesha ghala anabeba paa, mizani, walinzi, panya, na unyevu unaopanda kutoka sakafuni. Gunia likipotea ndani ya ghala, yeye ndiye wa kujibu. Lakini korosho ikiletwa haijaanikwa vya kutosha, au daftari la chama likiandika kilo za mtu mmoja kwa jina la mwingine, mwendesha ghala hana kosa. Na stakabadhi ikiangukia mikononi mwa asiyehusika, naye akaja nayo na kila kitu kinaonekana sawa, mzigo utatoka mlangoni, mchana kweupe, mlinzi akifungua geti mwenyewe.

Hapo mjomba akanyamaza. Wizi mwingi wa kwenye wingu uko hivyo. Ni nadra mtu kubomoa ukuta wa Amazon au wa Microsoft. Mwizi anaingia kwa nywila halali ya mtu wa ofisini kwako, na mtambo unampokea kama ulivyoagizwa.

Watoa huduma wakubwa hawalifichi jambo hili, wameliandika wazi. Amazon husema wao wanalilinda wingu lenyewe, mteja analinda kile anachokiweka ndani yake. Microsoft hutaja mambo ambayo hayamtoki mteja hata akikodi nini: data zake, vifaa vyake, akaunti na ruhusa za watu wake. Google wameongeza habari ya kushiriki hatima, yaani wamsaidie mteja kuanza na mipangilio salama badala ya kumwonyesha mpaka tu na kumwacha hapo. Ni maneno mazuri. Bado nywila ya mhasibu wako haiwahusu.

Nimeuchora mgawanyo kwa njia nne ambazo mtu wa huku anaweza kuzichagua kweli. "Wao" ni mtoa huduma. Kanzidata ni daftari la data ndani ya kompyuta, mfumo endeshi ni programu mama kama Windows, fayawoli ni ukuta unaochuja wanaoingia kwa mtandao, na nakala rudufu ni nakala ya akiba.

| Kazi | Seva ya ofisini | Mashine ya kukodi | Kanzidata inayosimamiwa | Programu iliyo tayari |
|---|---|---|---|---|
| Jengo, umeme, diski ikifa | Wewe | Wao | Wao | Wao |
| Masasisho ya mfumo endeshi | Wewe | Wewe | Wao | Wao |
| Milango ya mtandao, fayawoli | Wewe | Wewe, kwa zana zao | Nusu kwa nusu | Wao |
| Makosa ndani ya programu | Wewe | Wewe | Wewe | Wao |
| Nakala rudufu | Wewe | Wewe | Wao huchukua, wewe huamua za siku ngapi | Soma mkataba |
| Akaunti, nywila, ruhusa | Wewe | Wewe | Wewe | Wewe |
| Uhalali wa kuwa na taarifa hizo | Wewe | Wewe | Wewe | Wewe |

Mistari miwili ya chini haibadiliki. Mtu akikuuzia wingu kwa maneno kwamba "usalama wote ni juu yetu", muulize kuhusu mistari hiyo miwili.

Seva ya ofisini

Sitaki kuidharau. Inafanya kazi bila intaneti, na kwa sehemu zetu hilo si jambo dogo, nitalirudia chini. Hailipiwi kwa dola kila mwezi. Ukitaka kujua data ziko wapi unanyoosha kidole.

Ila kazi zote ni zako, hadi mjusi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ni wako. Masasisho ya mfumo endeshi ni yako, na kompyuta nyingi ninazozikuta hazijasasishwa tangu siku ziliponunuliwa, kwa sababu kusasisha kunakula bando. Mwizi akivunja dirisha na kuondoka na kasha zima, ameondoka na nakala rudufu pia kama ulikuwa unaihifadhi kwenye diski ya nje iliyolala juu ya kasha hilohilo. Ya mjomba ilikuwa imelala juu ya kasha hilohilo.

Ukiamua kubaki nayo, nunua UPS yenye betri nzima, simba diski kwa nywila, yaani geuza data zisisomeke bila nywila hiyo, ili mwizi aondoke na chuma tu, na nakala rudufu ilale nyumba nyingine. Kama hamna mtu wa kuyafanya hayo, basi hamna seva, mna bahati.

Mashine ya kukodi

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo mafundi wenzangu wanaipenda kuliko zote kwa sababu inaonekana rahisi na inatupa uhuru. Unakodi kompyuta iliyo ndani ya jengo la watu, pengine Afrika Kusini: Microsoft walifungua vituo vyao huko mwaka 2019, Amazon wakaja Cape Town mwaka 2020, Google wakaingia Johannesburg mwaka 2024. Unapewa mashine tupu. Umeme, ubaridi, walinzi na diski ni juu yao. Kuanzia mfumo endeshi kwenda juu ni wewe.

Niliwahi kukodi moja kwa ajili ya ofisi fulani. Nilitaka kuimaliza kabla ya Ijumaa kuisha, nikaacha mlango wa 22, ule wa kuingilia kwa mbali, wazi kwa dunia nzima. Mtumiaji nikampa jina la ofisi, nywila nikaweka jina hilohilo na mwaka. Nikajiambia nitaibadilisha Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na msiba. Alhamisi ikaja barua pepe kutoka kwa mtoa huduma: mashine yako inashambulia mashine nyingine, tumeifunga. Nilipofungua logi, kumbukumbu ya kila anayejaribu kuingia, nilikuta mistari ya majaribio imepangana kama siafu, root, admin, test, user, oracle, kila sekunde chache, usiku na mchana. Mmoja wao alikisia jina la ofisi.

Angalia jinsi alivyofanya mtoa huduma. Hakunionya kwamba mlango uko wazi, maana mlango ni wangu, huenda nina sababu zangu. Alipoona ninawadhuru wapangaji wengine, akanifungia. Amelinda ghala lake. Sikuwa na wa kumlaumu, na ofisi ile ilikuwa na haki ya kunilaumu mimi.

Hilo lilitokea kwa wakubwa pia. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliibiwa taarifa za watu karibu milioni 100 wa nchini mwake na milioni 6 wa Kanada. Data zilikuwa kwenye wingu la Amazon. Mwizi alipitia fayawoli ya programu za wavuti iliyopangwa vibaya, akapata ruhusa zilizokuwa pana kuliko kazi yake, akachota. Mwaka uliofuata msimamizi wa mabenki wa Marekani aliitoza benki faini ya dola milioni 80. Aliyetozwa ni mpangaji.

Kwa hiyo mashine ya kukodi ni ya mwenye fundi wa kudumu, anayelipwa kila mwezi, ambaye ratiba yake ina siku ya masasisho. Fundi wa kuitwa, kama mimi, hatoshi. Ukiichukua hata hivyo: zima kuingia kwa nywila, tumia jozi ya funguo za kidijitali, mmoja kwako na mwingine kwenye mashine, funga kila mlango, kisha fungua ule unaouhitaji tu, kwa anwani ya mtandao unayoijua, na washa masasisho ya kujiendesha hata kama yatakuzimia mashine saa nane za usiku.

Na jengo? Hata jengo lina mipaka yake. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala rudufu mahali pengine walihangaika siku chache. Waliodhani kwamba kuwa kwenye wingu ndiyo kuwa na nakala rudufu walipoteza kila kitu. Mmoja aliyekuwa amelipia nakala rudufu alikuta nayo ilihifadhiwa kwenye jengo lililoungua, ilhali mkataba uliahidi itengwe, na mwaka 2023 mahakama ya biashara nchini humo ikampa haki. Alishinda kwa sentensi moja iliyokuwamo kwenye mkataba. Kama huna sentensi hiyo, huna kesi.

Kanzidata inayosimamiwa

Njia hii inamfaa anayetengeneza programu yake. Hukodi kompyuta, unakodi kanzidata inayoendeshwa na wao. Masasisho wanayafanya wao, nakala rudufu inachukuliwa kila siku bila wewe kukumbuka. Kwa Amazon RDS, huduma yao ya kanzidata, kwa mfano, unaweza kuagiza nakala hizo za kujiendesha zitunzwe hadi siku 35. Lakini ukiifuta kanzidata yenyewe bila kuzingatia kisanduku kimoja, nakala hizo zinafutwa pamoja nayo. Ndiyo, wamekuuliza. Ndiyo, ulibofya.

Vijana wa programu ya duka walikuwa wamekodi mashine tupu na kujisimikia kanzidata wenyewe, kwa sababu ni nafuu. Niliwapigia hesabu ya saa zao za usiku wakaona unafuu umeyeyuka. Kilichobaki kwao sasa ni kidogo lakini ni kikali: kanzidata isionekane na intaneti yote, ionekane na programu yao tu, nywila yake isiandikwe ndani ya msimbo wanaoupandisha mtandaoni kuonyesha marafiki, na makosa ya programu yao ni yao. Mtu akiandika amri ya kanzidata kwenye kisanduku cha kutafutia bidhaa, na programu ikaitekeleza, hakuna mtoa huduma duniani atakayekuja kuirekebisha.

Kuhusu maghala ya mafaili, zile picha na risiti, mambo yamekuwa mepesi kidogo. Tangu Januari 2023 Amazon S3 husimba kila faili jipya bila kuambiwa, na tangu Aprili mwaka huo kila ghala jipya huzaliwa likiwa limefungiwa umma. Jambo jema. Ila yale yaliyofunguliwa kabla ya hapo hayakufungwa na mtu. Kama una ghala la zamani, nenda kalitazame leo.

Programu iliyo tayari

Barua pepe na mafaili ya ofisi kwa Google au Microsoft, programu ya mahesabu ya kulipia kwa mwezi, programu ya wagonjwa: hapa wao wanafanya karibu kila kitu. Kwa ofisi isiyo na fundi hili ndilo chaguo langu, na nalisema bila kusita. Hatari yake ni moja: kwa kuwa kazi zilizobaki ni chache, watu hudhani zimekwisha.

Zahanati ya Lindi ilikuwa na programu nzuri ya wagonjwa. Niliingia mapokezi, nikaona kalenda ya ukutani, na pembeni ya mwezi wa Machi nywila imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Wahudumu watatu wanaitumia hiyohiyo.

"Kaka, wanabadilishana zamu," mwenye zahanati akaniambia. "Kila mtu akiwa na yake watasahau."

"Na yule aliyeacha kazi mwezi wa nane, dada?"

Akageuka kuitazama kalenda. Aliyeacha kazi anaijua nywila, na anaweza kufungua faili la mgonjwa yeyote akiwa amelala kitandani kwake. Akifanya hivyo, logi ya mtoa huduma itaonyesha kwamba "mapokezi" ameingia kama kawaida. Hutajua ni nani, na hutakuwa na la kumwambia mgonjwa.

Kitu cha pili ni kufuta. Ofisi nyingi hudhani kilicho kwa Google hakipotei. Faili lililotupwa kwenye pipa la taka la Drive hufutika baada ya siku 30. Kwa akaunti za ofisi, msimamizi ana siku nyingine 25 za kulirudisha, kisha basi. Microsoft kwa OneDrive ya kazini hutunza siku 93. Sasa piga hesabu: karani akifuta kwa makosa orodha ya wakulima Februari, baada ya malipo ya msimu kwisha, nani ataifungua tena kabla ya Septemba?

Kitu cha tatu huonekana cha kijinga mpaka kikukute. Akaunti ni ya nani? Nimekuta ofisi iliyofunguliwa kila kitu kwa barua pepe binafsi ya kijana mmoja na kadi yake ya benki. Kijana akapata kazi Dodoma. Kadi ikaisha muda wake. Mtoa huduma akaandika barua za kudai, zote zikaenda kwa kijana ambaye anuani ile alishaacha kuifungua. Ofisi ilijua siku huduma iliposimama. Kwa mtoa huduma, mwenye mali ni yule aliyeandikishwa. Hajui mhuri wenu, hajui muhtasari wa mkutano wenu mkuu.

Na cha nne: muuza programu mdogo naye mara nyingi ni mpangaji. Programu ya zahanati imetengenezwa na watu wa hapa nchini, nao wamekodi mashine kwa kampuni kubwa. Kwa hiyo mgawanyo una tabaka tatu, na lile la kati ndilo la kuulizwa sana. Mashine yenu mnaisasisha lini? Nakala rudufu inalala wapi, na mliwahi kuirudisha kujaribu? Nani kati yenu anaweza kuona faili la mgonjwa wangu? Mkifunga duka, napataje data zangu, na kwa faili la aina gani? Mwenye majibu hukujibu kwenye simu. Anayekwambia "hilo liko salama, usijali, dada" hajajibu.

Sheria haijali unakodi nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatofautisha mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ni wewe unayeamua taarifa zichukuliwe kwa ajili gani: zahanati, chama, duka. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba yako, na mtoa huduma wa wingu anaingia hapo. Mkusanyaji anatakiwa ajiandikishe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti.

Kwa hiyo mwenye zahanati hawezi kumwambia mgonjwa "ni wale wa kwenye kompyuta". Mgonjwa alimpa yeye jina lake na majibu ya kipimo. Kabla ya kusaini, taka mkataba wa maandishi unaotaja nchi zinakohifadhiwa data na muda watakaotumia kukupa taarifa wakivamiwa. Kwa watoa huduma wakubwa mkataba huo upo tayari, ni kuusoma. Kwa mdogo, andikeni wenyewe kurasa mbili.

Njia, ambayo haiko kwenye jedwali

Mei 2024 ilitufundisha watu wa kusini. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, mvua zile zikaikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Tarehe 12 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Seva za Johannesburg zilikuwa nzima, zinapumua vizuri. Sisi ndio hatukuzifikia.

Hapo mtoa huduma hana kosa, na wewe huna kosa, na kazi imelala. Mwenye seva ya ofisini aliendelea kuchapa risiti. Kwa hiyo ofisi inayohamia kwenye wingu ibaki na kitu cha kushika mkononi: orodha ya wakulima au ya wagonjwa wa miadi iliyopakuliwa kila Ijumaa kwenye kompyuta iliyosimbwa, fomu za karatasi kwenye droo, na laini ya pili ya mtandao mwingine wa simu. Fahamu tu kwamba mitandao miwili ya simu inaweza kupita kebo ileile.

Nakala hiyo ya pembeni ina kazi nyingine. Mwezi uleule wa Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa mazingira yake ya wingu na Google kwa kosa la upande wa Google wenyewe. Wanachama walikaa zaidi ya wiki bila kuona akaunti zao. Kilichowasaidia kurudi ni nakala rudufu, ikiwemo iliyokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Na mwaka 2014 kampuni iitwayo Code Spaces ilifungwa kabisa baada ya mwizi kuingia kwenye akaunti yake ya Amazon na kufuta mashine pamoja na nakala rudufu, kwa sababu vyote vilifunguka kwa funguo zilezile. Kosa la mtoa huduma na kosa la mteja, na dawa yao ni moja: nakala isiyofunguka kwa akaunti hiyohiyo.

Nilichowaambia watatu hawa

Vijana: kanzidata inayosimamiwa, mashine tupu waachane nayo mpaka wawe na mtu wa tatu. Zahanati: wabaki na programu yao iliyo tayari, kila mhudumu na akaunti yake, aliyeacha kazi aondolewe siku hiyohiyo, na maswali yale manne yaende kwa muuzaji kwa maandishi. Amejibiwa matatu. La kujaribu kurudisha nakala rudufu bado wanamzungusha, nami nimemshauri asilipe mwaka mzima kwa mpigo.

Chama cha mjomba hakina fundi, kina karani mmoja na msimu wa miezi michache. Wamechukua programu iliyo tayari. Barua pepe ni ya chama, si ya mtu. Wasimamizi ni wawili, katibu na mwenyekiti, kila mmoja na uthibitisho wa hatua mbili, nywila kwanza kisha msimbo, kwenye simu yake. Misimbo ya dharura, ile ya kutumia simu ikipotea, mjomba aliichapa, akaipiga mhuri wa chama bila kuambiwa na mtu, akaifungia kwenye sefu pamoja na kitabu cha hundi. Kila Ijumaa karani anapakua orodha kwenye diski iliyosimbwa, na diski inalala nyumbani kwa mwenyekiti.

Siku ya kukabidhi nilikunywa chai, nikafunga begi langu.

"Umesema wasimamizi ni wangapi?" mjomba akauliza.

"Wawili, mjomba. Wewe na mwenyekiti."

"Hebu nifungulie hiyo orodha."

Nikaifungua. Jina langu lilikuwa la kwanza, msimamizi mkuu, tangu siku ya kusimika. Mjomba akavuta kiti, akashusha miwani puani, akasubiri mpaka nilipojifuta.